Masele Bujiku, Mchochea Moto Asiye na Haraka

Baada ya miaka kumi na sita ya kuchochea moto wa boila katika meli yetu ya kuchimbua mto, Mzee Masele Bujiku anastaafu tarehe 31 Desemba 1957. Mimi, karani wa ghala la kuni, nimeombwa nimsifu. Mzaramo kumsifu Msukuma ni kazi ngumu, watani wanajua, lakini nitajikaza. Bwana Meneja hulipenda sana jarida letu kwa picha zake. Kiswahili chenyewe hakimpandi, kwa hiyo tuko huru kusifu.

Mzee Masele alitoka upande wa Mhunze mwaka 1941, akiwa na fimbo ya kuchungia na mwili wa kubeba magogo. Kampuni ilikuwa ndiyo kwanza imeleta meli hii, inayochota matope ya mto kwa mnyororo wa ndoo ili yaoshwe, dhahabu itoke. Meli ilikuwa imeshastaafu kwao ndipo ikaajiriwa kwetu. Wataalamu walipima kila kitu isipokuwa mto, ambao kila kiangazi hukauka na kuiacha meli imekaa mchangani kama mama mkwe aliyenuna. Tukaiita Bi Mkubwa.

Kwa Bi Mkubwa, Mzee Masele alikuwa mume mwema. Mvuke ulipanda kabla wenzake hawajamaliza uji. Alichemsha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye ndoo juu ya bomba la mvuke, akatulisha sote, nasi tukanukia moshi na viazi hadi kanisani na msikitini. Siku moja aliijaribu filimbi mpya ya mvuke wakati ng'ombe wa kijiji wakinywa maji ng'ambo. Wenyewe waliwatafuta mpaka kesho yake jioni. Mzee alieleza kwamba alikuwa anawasalimia tu.

Kisha wapimaji wakapata dhahabu Kona ya Igunda, mbele yetu mtoni. Hapo ndipo mkewe, Mama Justa, ana majaruba ya mpunga aliyorithi kwa baba yake, na hapo ndipo Mzee alikusudia kuzeekea. Uongozi, kwa huruma yake inayojulikana, uliahidi kumpa mama huyo eneo jingine: kilima cha mawe chenye mandhari nzuri. Mama Justa alikuja hadi ukingoni, mikono kiunoni. "Yaya! Sitaki! Ileteni hiyo meli yenu. Nitapanda mpunga humo humo ndani." Mzee Masele aliinamisha kichwa, akarudi kwenye boila.

Tangu siku hiyo afya ya Bi Mkubwa ilidhoofika kwa namna ya kusikitisha. Kuni zilizokaa juani tangu Juni zilionekana mbichi. Nilizikagua mwenyewe, kweli mbichi. Maji ya boila yakawa na tope, jambo la ajabu sana mtoni. Mvuke uliokuwa ukipanda alfajiri ukawa unapanda saa ya kufunga kazi. Wahandisi walibadilisha mabomba, wakabadilisha vali, wakambadilisha hata msaidizi wake. Misimu miwili ya mvua imepita, na meli imesogea umbali wa kutupa jiwe, tena jiwe la mtu mvivu. Bwana Meneja, akiguswa na jinsi mzee huyu anavyoihurumia mashine kuukuu, alimpa mkono mbele yetu sote.

Hapa niseme bila utani: nilikuwa naogopa. Kila asubuhi alipofungua mlango wa tanuri, nilijua kwamba akigundulika atafukuzwa, na majaruba yatakwenda vilevile. Yeye aliupuliza moto taratibu huku jasho likimtoka, ungedhani anajitahidi. Nampenda sana mtu huyu.

Sasa anaondoka, na Bi Mkubwa amebakiza kona moja tu kufika Igunda. Uongozi umeapa kwamba mwaka mpya kazi itakwenda mbio. Kwa umakini wake wa siku zote umetafuta mchochea moto mpya, mtu mzima, mtulivu, aliyefundishwa kila kitu na Mzee Masele mwenyewe. Anaitwa Jilala. Jaruba lake limepakana na la Mama Justa.

Asante, Mzee Masele, kwa yote uliyotufanyia na yote uliyoyachelewesha. Mvua zimeshaanza. Nenda nyumbani salama, ukapande.