Sauti ya Bati

Nyamizi alikuwa amefumba macho dirishani, basi likielekea Lagangabilili taratibu, na angekuwa ameshalala kama si wanaume wawili wa kiti cha mbele. Walijuana Somanda walipopanda, na wakaanza kubishana hapo hapo juu ya kurekodi gitaa.

"Chukua dainamiki, mzee," alisema Tajudin, kijana anayefunga muziki harusini. "Ile maiki ngumu ya jukwaani. Isogeze kwenye spika ya gitaa mpaka ikaribie kugusa kitambaa. Inasikia kilicho mbele yake tu."

"Ndicho kinachoniudhi," akajibu Maganga, mpiga gitaa wa kwaya huko Nkoma, gitaa lenyewe limelala mapajani. "Tunarekodi kanisani, bati juu, ng'ombe wanapita nje. Nataka vyote viingie."

"Utarekodi kengele za ng'ombe, mzee wangu, gitaa lisisikike."

"Mwakani tunalibomoa kanisa hilo, tunajenga jingine lenye dari. Bati lile nitalisikia wapi tena, mwanangu?"

Nje mashamba ya pamba yalipita, meupe, hayaishi, na Nyamizi hakujua tena kama anasikiliza au anaota.

Kituoni dereva akazima injini. Kumbe njia nzima nyuzi za gitaa zilikuwa zikivuma pamoja nayo, maana sasa ziliendelea zenyewe, kwa mbali.

"Na hii," Maganga akanong'ona, "dainamiki yako ingeisikia?"

Tajudin alikuwa ameinamisha sikio kwenye gitaa. Konda akamwita Nyamizi ashuke, naye Nyamizi akaweka kidole midomoni kumnyamazisha.