Mama Pindo, Aliyeuliza Upande Gani

Marehemu mama yetu mpendwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa karani wa posta. Alimaliza darasa la saba mwaka 1972, akajifunza kushona kwa shangazi yake, na tangu 1975 alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba. Wateja walimwita Mama Pindo, kwa sababu pindo likipinda alilifumua hata kama mwenye nguo ameshalipenda.

Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na seremala, mtu mpole wa maneno machache. Mwaka 2017 marehemu alipoanza kuumia akikaa, na kutokwa damu chooni, mumewe alilaumu kiti. Akakiranda, akakiwekea sponji, mwishowe akachonga kipya. Miezi minane ikapita hivyo kabla hawajafika hospitali.

Ilikuwa saratani ya puru, mwisho wa utumbo mpana, chini kabisa, sentimita moja tu juu ya msuli unaobana haja. Daktari mpasuaji hakuficha kitu.

"Nikiweza kuuacha msuli, utavaa mfuko wa haja tumboni upande wa kulia, miezi mitatu tu. Ugonjwa ukiwa umeushika, nautoa wote, na mfuko utakuwa kushoto, wa maisha. Utajua ukiamka."

"Sawa, daktari. Ila usinionee huruma ukaniachia ugonjwa."

Tarehe 9 Aprili 2018 upasuaji ulichukua saa sita. Seremala alisimama koridoni muda wote, roho mkononi. Marehemu alipozinduka hakuweza hata kuinua mkono.

"Upande gani?"

Mumewe, akiwa miguuni mwa kitanda, alifunua shuka. "Kushoto," akasema, na machozi yakamtoka.

Muuguzi akaruka. "Baba, huko ni kushoto kwako wewe! Kwake ni kulia!"

Marehemu alicheka mpaka mshono ukamuuma.

Mfuko ulitolewa Julai. Mwaka wa kwanza alikimbilia choo mara kumi kwa siku, lakini alirudi kwenye cherehani yake. Februari 2024 ugonjwa ukaonekana kwenye ini. Seremala alihangaika: je, kama wangekubali mfuko wa maisha, ugonjwa usingerudi?

"Pale daktari alipokata palikuwa safi, walipima," marehemu alimjibu. "Acha kujitafutia kosa, baba watoto."

Alifariki nyumbani tarehe 2 Juni 2024, saa nne asubuhi.

Ameacha mabinti wawili, wajukuu watano, na mume, ambaye ametaka iandikwe hapa kwamba miaka ile sita baada ya upasuaji haikumtosha.

Pumzika, mama. Amani iwe yako.