Mama Émérance, Aliyeandikiwa Miaka Tisa

Ndugu wa Kabambare, na ninyi mliotoka Kasongo kwa barabara ile mnayoijua, mimi Jean-Paul, mume wa Rosine, mkwe wa marehemu, familia imenipa karatasi hii niisome, ingawa nilistahili kunyamaza.

Mama Émérance Mwamini alizaliwa tarehe 9 Mei 1949 hapa Kabambare, akasoma hadi darasa la nne, vita vya 1964 vikafunga shule, akashika jembe, akalima mpunga na karanga, akauza mawese sokoni Salamabila miaka ishirini na sita, tarehe 12 Agosti 1967 akaolewa na marehemu Nathanaël, wakajaliwa watoto saba, watatu ndio waliobaki. Mwaka 2018 alianguka na pikipiki akirudi kutoka Salamabila, nyonga ikaharibika, na tangu siku hiyo Rosine ndiye aliyemwogesha, aliyemvisha na kumpeleka chooni.

Tarehe 16 Januari 2024 walikuja wachunguzi kupima ulemavu wa wazee na miaka iliyowabakia, na aliyeonekana hajiwezi alipewa kiti cha magurudumu na mtu wa kumsaidia mchana, wakauliza kwa Kifaransa, nami nikatafsiri kwa Kibangubangu, maana Rosine alikuwa shambani. Mnajua kwetu mama mkwe hataji mambo ya mwili wake mbele ya mkwe, basi akajifunika kitenge usoni, na kwa kuoga, kwa kuvaa, kwa choo, akajibu naweza, naweza, naweza, nami niliyejua yote nikaona haya kumsahihisha, wakaandika kwamba hana ulemavu, na kwamba mwanamke wa umri wake mwenye afya hiyo bado ana miaka tisa ya kuishi, saba kati yake bila kusaidiwa na mtu. Kiti kikaenda kwa mwingine, Rosine akaninunia mwezi mzima, na ilikuwa haki yake.

Tarehe 21 Februari 2025, nyumbani hakuna mtu, Mama alijikokota chooni peke yake, akateleza kwenye tope, mfupa wa paja ukavunjika, tukamfikisha hospitali Kasongo baada ya siku mbili, akafariki tarehe 3 Machi, akiwa na miaka sabini na mitano.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliochimba kaburi, akina mama waliouza naye Salamabila, na hata wale wachunguzi, walioandika vizuri kabisa uongo niliowapa. Mama, najua ungenikasirikia kusema haya mbele za watu, lakini leo natafsiri: hawezi kuoga, hawezi kuvaa, hawezi kwenda chooni, anaomba kiti. Pumzika kwa amani wewe, mimi sina.