Filamu ya Dakika Tano na Salamu za Bibi

Kwenye haisi ya kutoka Bariadi, kijana mwenye kamera, kiti cha mbele yangu, alimweleza mama aliyekaa naye jinsi mashindano yao yalivyoanza. "Wapiga video wawili wa harusi walibishana nani ana kasi. Wakapeana Jumamosi na Jumapili, kila mmoja atoe filamu. Siku hizi wanakuja mpaka wa Mwanhuzi na Nassa."

"Nyie mlishinda?"

"Tulitolewa, mama. Filamu mwisho ni dakika tano. Bibi yangu aliigiza mwenye mji. Mgeni alipofika, akamuuliza habari za ng'ombe, mvua, pamba, mpaka wagonjwa. Muda ukaisha mgeni hajapewa hata kiti."

"Mngezikata hizo salamu."

"Alikataa. Anasema ataonekana hakulelewa. Mwaka huu namtoa."

"Kwa hiyo watu wataingia kimya kimya? Hao ni majambazi?"

"Muda ni muda, mama."

Nilijifanya nasinzia. "Umeshamwambia?" mama akauliza.

"Namwambia leo, nikishuka tu."

Tulipofika Mwamapalala, bibi alikuwa anamsubiri barabarani. "Mwangaluka," akaanza kumsalimia kwa Kisukuma. Kijana akainama, akaitikia. Konda alisimama na begi la kijana mkononi, dereva akapiga honi. Walikuwa bado kwenye habari za ng'ombe.