Ng'ombe Mmoja Katikati ya Nyati

Wasikilizaji wapendwa, mlio Garsen, mlio Kilelengwani, na nyinyi wa Kipini mnaotupata kwa kukwaruza, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka Kuno Dawood, mtembeza wageni katika hifadhi kubwa ile ya ng'ambo ya mto. Kuno aliuawa na nyati Jumanne iliyopita. Narudia, aliuawa na nyati, kwa sababu sokoni nimesikia mengine, na hayo nitayafikia.

Kuno alikuwa Muorma, mtu wa ng'ombe tangu utotoni. Kiangazi kilipommalizia mifugo, hakukaa kulia. Aliingia hifadhini, akawa anawatembeza watu kwa miguu, kutwa nzima, wakawatazame twiga, nyamera na tembo. Mkewe, Mama Esha, anacheka huku machozi yanamtoka: "Ng'ombe waliisha zizini, kichwani hawakuisha. Huyu hata usingizini alikuwa anawapigia mluzi."

Jumanne asubuhi alikuwa na walimu kutoka Kau. Mbele Kuno. Nyuma yake bintiye, Nasteha, anayejifunza kazi hiyo hiyo. Kisha walimu, na mwisho kabisa askari mwenye bunduki.

Wakalikuta kundi la nyati kando ya dimbwi. Wakachuchumaa nyuma ya miti ya mikoma. Upepo ulikuwa unawajia usoni, kwa hiyo nyati hawakuwa na habari nao.  Mara Nasteha akamwona baba yake amekodoa macho. Katikati ya nyati wale weusi alikuwamo ng'ombe mweupe wa kufugwa, kamba bado iko shingoni.

Sasa, mnaochunga mnajua. Ng'ombe akipotea, unasimama pale ambapo upepo utampelekea harufu yako. Akikunusa anatulia, anakuja. Kwa nyati ni kinyume, harufu ya mtu inawachafua roho. Kuno mwenyewe ndiye aliyewafundisha vijana hilo! Lakini alimwona ng'ombe wa watu amepotea, na miguu ikafanya ilichozoea. Akajitenga, akazunguka polepole, hadi upepo ukawa mgongoni mwake.

"Aba, upepo!" Nasteha alinong'ona.

Ng'ombe akainua kichwa. Nyati nao wakainua vichwa, wote.

Kuno alijua papo hapo kwamba amekosea. Angekimbilia mikomani angewaletea walimu kifo. Basi akatoka kwenye uwanda mtupu, mbali na watu wake, akipunga shuka. Akapaza sauti kwa Kiswahili, ili na walimu wasikie: "Nasteha! Wewe kaa na watu. Mimi usinifuate!"

Mwalimu Tamar alikuwa amemshika binti yule mkono. "Alikuwa anatetemeka mpaka na mimi nikatetemeka," ametuambia. "Mwenzetu mmoja alitaka kukimbia. Nasteha akamkandamiza bega, akamkalisha chini. Lakini macho yake yalikuwa kwa baba yake tu."

Askari alipiga risasi hewani. Kundi likatimka. Fahali mmoja wa nyati hakutimka, aliinamisha kichwa akaenda moja kwa moja kwa Kuno. Nasteha hakusogea. Hakusogea hata alipomsikia baba yake akipiga ukelele. Alingoja mpaka fahali yule akaondoka, ndipo akakimbia.

Alimkuta bado anapumua.

"Watu?" Kuno aliuliza.

"Wazima, Aba. Wote."

Hakusema tena.

Wasikilizaji wapendwa, sasa yale ya sokoni. Wapo wanaosema binti alisimama akimtazama baba yake akiuawa. Nimeyasikia kwa masikio yangu, na yameniuma. Mama Esha anawajibu hivi: "Mwanangu hakumwacha baba yake. Alimsikiliza."

Tunatoa mkono wa pole kwa Mama Esha, kwa jamaa zote, na kwa watembezaji wenzake Kuno. Mwenyezi Mungu amrehemu. Na wewe uliyesema neno lile, usiku wa leo kabla hujalala, jiulize: ungekuwa wewe, ungeweza kukaa?

Nasteha, najua redio iko wazi hapo kwenu. Walimu wa Kau wako madarasani leo. Wote. Pole sana, mwanetu. Na asante.