Niliomba Nirudishiwe Nyumba ya Masimba

Heri ya Sabato, ndugu zangu! Bwana asifiwe, na asifiwe hata na ninyi mliobanana pale mlangoni mkikung'uta miavuli! Mimi ni Akinyi, mke wa Onchiri fundi wa mbao, hapa hapa Ekerenyo. Wengi mnanijua kama yule mwanamke wa kutoka Homa Bay asiyesalimia watu. Leo nimesimama niwasalimu, na niwaambie jinsi Mungu alivyoniponya ugonjwa wa nyumba.

Ndiyo, nyumba! Wengine wameponywa homa, wengine pombe. Mimi niliugua nyumba, tena nyumba nzuri ya matofali, yenye sakafu ya saruji na madirisha ya vioo, ambayo mume wangu aliijenga polepole miaka yote tuliyokuwa tukipanga kule Masimba.

Kule Masimba tulikaa vyumba viwili vidogo nyuma ya maduka, karibu na barabara. Cherehani yangu ilikuwa barazani. Kila aliyepita alisimama. Nilishona sare za shule, nikapunguza suruali, nikarekebisha gauni za maharusi walionenepa wiki ya harusi. Nilijua nani kakosana na nani, na nani anajifanya hajakosana. Tulizungumza Kiswahili, kila mtu na lafudhi yake, na hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi.

Kisha siku moja Onchiri akarudi akitabasamu, akaniambia, "Mama Brian, nyumba iko tayari. Twende kwetu." Ndugu zangu, niliimba! Niliwaaga watu Masimba nzima kama mtu anayekwenda mbinguni.

Mbinguni gani! Siku ya kwanza kitanda kilikataa kupita mlangoni. Mume wangu, fundi wa mbao, alikuwa ametengeneza kitanda kipana kuliko mlango aliotengeneza mwenyewe! Tulilala sebuleni kama wageni wa matanga mpaka alipokikata miguu na kukiunga upya. Siku ya pili mvua. Siku ya tatu mvua. Mnacheka kwa sababu ninyi mmezaliwa ndani ya mvua hii! Mimi nilianika nguo asubuhi, nikaanua alasiri zikiwa mbichi kuliko nilivyozianika. Matope yalipanda mpaka kitandani. Nikienda kisimani chini ya mteremko, nilipanda nikishika majani ya chai kama mtu anayezama.

Na cherehani ikanyamaza. Barazani kwangu alipita ng'ombe, na nyuma ya ng'ombe akapita mwenye ng'ombe, na wote wawili hawakuwa na nguo ya kushonwa.

Mama mkwe wangu, ambaye ameketi pale mbele na ananitazama, alikuwa akija kufunua sufuria zangu. Anafunua, anatazama, anafunika, anaondoka. Hasemi kitu! Afadhali angesema! Na jirani yangu Kemunto aliingia kwa mlango wa jikoni bila hodi kila asubuhi, anaweka ndizi mezani, anakaa, anaanza kuongea Ekegusii bila kupumua. Nilimwambia kwa Kiswahili kwamba sielewi. Akaongeza sauti! Hapa kanisani pia, mkicheka nilibaki natazama mdomo wa mzee wa kanisa, nikingoja kujua kama mmeniteta.

Nikaanza kumlalamikia Onchiri. Asubuhi nilimlalamikia baridi, mchana matope, jioni mama yake. Yule bwana ni mpole, lakini hata mpole huchoka. Jioni moja aliweka kijiko chini, akaniuliza, "Akinyi, hii nyumba nimemjengea nani?"

Nikamjibu, "Sijui, lakini si mimi. Mimi narudi Masimba. Ukitaka kuja, njoo. Usipotaka, baki na matofali yako."

Hakugombana. Alitoka nje akasimama kwenye manyunyu, akiutazama ukuta wake. Ndugu zangu, ningependelea anitukane. Na bado sikurudi nyuma! Usiku ule niliomba maombi ambayo sikuwahi kuomba kwa bidii hiyo hata watoto wangu walipougua. Nilisema, "Ee Bwana, wewe unayefungua na hakuna afungaye, nifungulie mlango wa nyumba yangu ya Masimba."

Ijumaa asubuhi nikasema nakwenda kununua nyuzi. Niliposhuka Masimba moyo wangu uliruka. Jua lilikuwa linawaka! Vumbi lilikuwa linapaa, nami nililivuta kama marashi. Nikapita nyuma ya maduka, nikabisha mlango wangu. Niliuita mlango wangu, jamani.

Alifungua mwanamke kijana amebeba mtoto, macho yamevimba kwa kulia. Nikamwambia nilikuwa nikikaa hapa zamani, nimepita kusalimu tu. Akanitazama kama aliyeona mzuka.

"Ni wewe ulikuwa unakaa hii nyumba?" akasema. "Mama, uliwezaje? Malori usiku kucha! Mtoto hanilalii. Jua inachoma mabati mpaka maziwa inaharibika. Maji hakuna. Hawa watu wa barazani wanaangalia kila kitu yenye nabeba. Tulikuwa Kenyenya, nyumba poa, mama yangu ako karibu, sasa bwana yangu akapata kazi huku, akasema tuhame. Najuta! Aki najuta!"

Ndugu zangu, nilikasirika! Nyumba yangu ikitukanwa mbele yangu! Nikaingia ndani bila kukaribishwa, nikaanza kumweleza. Nikamwambia, "Mwanangu, hii nyumba haina neno. Kitanda kiweke ukuta ule, malori hutayasikia. Dirisha la nyuma lifungue asubuhi, ulifunge saa sita. Maji kachote kwa mama wa hoteli, ni mtu wa roho safi. Na hao wa barazani hawakuchungulii, wanangoja uwasalimie. Usikae ndani ukingoja wakuzoee. Toka wewe! Nenda kwa mlango wao, kaa, hata kama huna la kusema."

Alinisikiliza mpaka mwisho, mtoto akimvuta hereni. Halafu akaniuliza, wala hakuniuliza kwa ubaya, "Na huko ulihamia, wewe ulianza kwenda kwa nani?"

Nikajiketisha kwenye kigoda chake.

Akadhani nimechoka, akanipa maji. Kisha akasema lile ambalo bado likinijia nasisimkwa mwili. "Mama, kama unaipenda hivi, ichukue. Nikimwambia bwana yangu, wiki hii tunatoka. Nitashukuru Mungu."

Mnasikia? Mlango nilioomba ulifunguliwa! Hakuna aliyeniwekea kizuizi. Nilibaki nimekaa pale nikizungusha macho. Nikautafuta ule utamu nilioulilia miezi yote. Niliona vyumba viwili vya joto, na lori likapita kuta zikatikisika, na mimi kweli kweli nikaziba masikio! Watu niliowapenda hawakuja wenyewe siku ya kwanza nilipohamia. Nilikumbuka nilivyokuwa mgeni pale pia, na ni mimi niliyetoa cherehani nje nikaanza kuita watu.

Nikasema, "Hapana, mwanangu. Nyumba ni yako." Nililia kuliko yeye. Tukashikana mikono, tukaomba sote wawili, yeye kwa Kiswahili cha Kenyenya, mimi kwa Kijaluo, na mtoto akilia kwa lugha ya watoto wote. Kisha nikamshika mkono, nikampeleka kwa mama wa hoteli, nikamkabidhi kama mtu anayekabidhi binti. Nikarudi Ekerenyo bila nyuzi.

Jumapili, bila kungoja mtu aingie kwangu, nilitoka kwa matope yale yale nikaenda kwa Kemunto. Tangu nihamie sikuwa nimekanyaga kwake. Nikasimama mlangoni nikasema kwa sauti, "Bwakire!" Kumbe ilikuwa saa nane mchana na hiyo ni salamu ya asubuhi! Kemunto alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba. Alinivuta ndani, akanipa kisu, tukamenya ndizi. Na ndugu zangu, huyu mama anajua Kiswahili! Nilipomuuliza mbona hajawahi kukitumia, akasema, "Nilikuwa nakuonea aibu. Ile ya shule nilisahau. Nikasema niongee tu, usikae pekee yako."

Usikae pekee yako! Mimi nilidhani ananichosha, kumbe alikuwa ananilinda.

Basi jioni nilimwendea Onchiri karakanani, nikamwambia, "Nyumba umenijengea mimi." Alipuliza maranda kwenye ubao, kisha akaniomba nishike upande wa pili apime. Mnamjua.

Sisemi matope yamekauka. Leo nimefika hapa nimebeba viatu mkononi! Sisemi mama mkwe ameacha sufuria zangu; juzi alifunua, na safari hii akaongeza chumvi. Ekegusii changu bado kinawachekesha watoto. Lakini ule uchungu uliokuwa ukiniamsha kila asubuhi, Bwana ameung'oa, na sifa ni zake!

Namshukuru Mungu aliyejibu maombi yangu ya kijinga ili nione ujinga wangu. Nawashukuru ninyi mlioningoja. Na kama kuna mtu hapa aliyehamia juzi, au aliyeolewa mbali, au aliyeletwa na kazi asikokutaka, na anahesabu siku za kuondoka, nakusihi umwambie Bwana yote, hata matusi. Hatakushangaa. Kisha ibada ikiisha usikimbie. Nitakuwa pale nje chini ya mabati, na mimi ndiye nitakayekusalimia kwanza.