Sauti ya Pili ya Papa Nassoro

Tarehe 31 Desemba 1968, Papa Nassoro Amuri anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi ya fundi wa boila katika karakana yetu ya bandari. Alianza Januari 1937, mji wetu wa Kisangani ukiitwa bado Stanleyville. Boila likiwa na kasoro, yeye huligundua kwa sikio. Mkewe, Mama Zaina, anasema hata birika la chai nyumbani analitegea sikio kabla ya kuliepua.

Wengi, hata hivyo, wanamjua kwa tarumbeta. Katika fanfari, bendi ya tarumbeta ya bandari, alipiga sauti ya pili, na Hubert, fundi mwenzake, alipiga ya kwanza. Siku ya uhuru, 30 Juni 1960, Hubert alizidiwa na furaha akakosea wimbo mbele ya umati. Papa Nassoro akakosea naye palepale, watu wakadhani ndivyo ulivyo.

Novemba 1964, risasi zikilia mjini, Hubert alipanda mtumbwi kuifuata familia yake ng'ambo, Lubunga. Hakufika. Wiki hiyo ala zote za fanfari ziliporwa. Papa Nassoro alirudi kazini, lakini hakupuliza tena. Tulidhani tumempoteza mpigaji wa pili pia.

Agosti 1966 kampuni ilileta tarumbeta tatu, achague moja. Alizipima kama alivyokuwa akifanya na Hubert: kipande kilekile cha kupulizia, wimbo uleule, asubuhi mto ukiwa umetulia, mmoja gatini na mwingine akisikiliza ng'ambo. Safari hii ng'ambo alisimama Colette, mjane wa Hubert. Tarumbeta ya kwanza, mpya na kali, ilivuka mto wote. Ya pili ilimezwa na maji. Ya tatu ilikuwa imebonyea ubavuni na ilidai pumzi nyingi, lakini ilifika taratibu, bila kelele.

Colette alivuka kuja kutoa jibu.

“Ile ya kwanza iko inalia kama mbuzi wa sikukuu, Papa! Kamata ya tatu.”

Mkuu wa karakana alishangaa. Alisema mpigaji amebaki peke yake, basi achukue kali, apige sauti ya kwanza.

“Sauti ya kwanza iko na mwenyewe,” alijibu Papa Nassoro, akaifuta ile ya tatu kwa shati lake.

Leo tunamkabidhi tarumbeta hiyo iwe mali yake, naye atatupigia. Katikati ya wimbo sauti ya pili hunyamaza, ya kwanza ikaendelea yenyewe. Mtamwona ameshusha tarumbeta, mguu ukihesabu. Tafadhali msipige makofi hapo. Hajamaliza.

Asante, Papa Nassoro, kwa mikono yako na kwa sikio lako. Pumzika kwa afya na amani pamoja na Mama Zaina. Na asubuhi ukipiga, fungua dirisha la upande wa mto. Colette angali anasikiliza.